Nyasi yangu ya nepia inachipua kama ufagio na kugeuka manjano. Ni njaa ya mbolea au ni ugonjwa?

Mfugaji_Luanda

Hamjambo wafugaji wenzangu. Niko Luanda, Vihiga. Nina ng'ombe wawili wa gredi na mtamba mmoja, wote wanalishwa zizini, maana shamba lote ni robo tatu ya ekari na nyumba imo humo humo.

Mwaka jana mvua za masika zilipoanza nilinunua magunia manne ya vijiti vya nepia kwa mtu aliyekuja na pikapu kando ya barabara ya Busia. Vilitoka kwenye nepia ndefu kunishinda, nene, kijani kweli kweli. Nikapanda kuzunguka mahindi na kwenye mteremko wa chini. Mkato wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Wa pili ukapungua. Sasa nimekata mara ya tatu, wiki tano zimepita, na mashina mengi hayajafika hata gotini. Majani ni membamba, manjano, na chipukizi zimejazana kwenye shina moja utadhani ufagio.

Jirani aliniambia mbolea imekwisha ardhini. Nikaweka CAN, mbolea ya kukuzia, mvua ikanyesha, sikuona tofauti. Ng'ombe mkubwa ameshuka kutoka lita 14 kwa siku hadi 9. Kila asubuhi nanunua nyasi za wilbaro. Niongeze mbolea au ning'oe?

Mkulima_Mbale

Pole ndugu. Mimi naona udongo. Nepia inakula sana, na kila unapokata unaibeba rutuba kuipeleka zizini. Isiporudi shambani kama samadi, miaka miwili tu shamba limechoka. CAN peke yake haitoshi. Weka debe la samadi iliyooza kwa kila shina, palilia, halafu ngoja mvua.

Lari_Juu

Huku kwetu Lari nepia ilitusumbua hivyo hivyo. Ilikuwa masizi, ule ugonjwa wa vichwa vyeusi. Tulipewa aina ya Kakamega 1, tukapona. Tafuta hiyo.

Mama_Sirisia

Mwanangu wa Luanda, usiweke mbolea tena. Hela hiyo inunulie ng'ombe nyasi kwanza, halafu unisome hadi mwisho, maana haya nimeyajua kwa hasara.

Niko Sirisia, Bungoma, nafuga tangu 1994. Unachokieleza ni udumavu wa nepia. Huku kwetu ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo uko Magharibi yote, uko Uganda, uko hata Ethiopia.

Ndugu wa Mbale hajakosea kuhusu samadi, na kama nepia ni nzima mfuate. Lakini tazama vile manjano yanavyokaa shambani. Njaa ya mbolea hushika sehemu nzima kwa pamoja, na ukiilisha, mvua ikija, wiki mbili tatu rangi inarudi. Udumavu huchagua. Shina hili limesimama kijani, la pili manjano, la tatu kijani tena. Watoto wanakula sinia moja na mmoja peke yake anakonda: huyo huongezewi ugali, anapelekwa hospitali.

Na ndugu wa Lari, masizi yenu nayajua. Yale ni ukungu. Mmea unakimbilia kutoa kichwa kabla ya wakati wake, kichwa chenyewe kimejaa unga mweusi, ukikishika mkono unabaki umechafuka kama umeshika sufuria la kuni. Kakamega 1 inastahimili masizi na watu wa kwenu wamefanya vyema kuipanda. Lakini udumavu ni kitu kingine kabisa, na mtu asiihesabu Kakamega 1 kuwa kinga yake. Kijana hajataja unga mweusi popote.

Udumavu unaletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria, wataalamu wanakiita fitoplasma. Kinakaa ndani ya mishipa ileile ambayo mmea unapitishia chakula chake kutoka majanini, kwa hiyo hakuna dawa ya kunyunyiza inayokifikia. Kuna mdudu mdogo anayerukaruka kwenye majani, mdogo kuliko punje ya mchele, anafyonza shina gonjwa kisha anafyonza zima. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, ndio waliomtambua, jina lake Maiestas banda. Ila mdudu huyu hawezi kutoka Sirisia hadi Luanda. Kutoka mtaa hadi mtaa, ugonjwa huu unabebwa na sisi wenyewe ndani ya vijiti vya kupandia.

Naandika hivi kwa sababu mimi niliubeba.

Mwaka 2004 nilikuwa na nusu ekari ya nepia ambayo watu walikuwa wanasimama njiani kuitazama. Kikundi chetu cha kina mama kilipata ndama wa gredi, na kila aliyekuwa kwenye orodha alitakiwa kwanza awe na nepia imeshika. Wakaja kwangu. Nilikata vijiti siku nzima, vya vifundo vitatu vitatu, nikavifunga kwa kamba za mgomba, mafungu kumi na moja. Kila mama na fungu lake, bila senti. Kwetu kijiti cha nepia hakiuzwi kwa jirani, kama vile mbegu ya viazi isivyouzwa. Unaomba, unapewa, na siku yako ikifika unatoa.

Mwaka uliofuata, mama mmoja wa kikundi alifika mlangoni kwangu na beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na shina la nepia lililong'olewa na udongo wake. Aliliweka chini, akakaa kwenye kigoda, hakusema neno. Mimi nikainama nikalitazama. Jani la nepia yangu lilikuwa pana kama vidole vitatu. Lile lilikuwa jembamba kama penseli, na manjano yake yalianzia kwenye ncha yakashuka kando ya mshipa wa kati. Kati ya kifundo na kifundo hapakuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Nilianza kuhesabu chipukizi, nikafika sitini, nikaacha. Mizizi ilikuwa michache, myembamba, inakatika ukiigusa.

Nikamwambia, "Huu ni udongo wa kwako, weka samadi." Akanijibu polepole, "Mama, twende kwanza tuone kwako."

Nilikuwa nimekata wiki tatu nyuma upande wa mfereji. Tukatembea mstari kwa mstari. Tukayakuta mashina saba, sura ileile iliyokuwa kwenye beseni. Sikuwahi kuyaona, kwa sababu mimi nilikuwa na desturi ya kuiacha nepia irefuke mno, nakata mara mbili kwa mwaka, nikijivunia urefu. Kati ya wale kina mama kumi na mmoja, tisa walipoteza nepia. Wawili waliuza ndama wao kabla hajazaa.

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo nataka ulishike, mwanangu, hata ukisahau mengine yote. Udumavu hujificha kwenye nepia ndefu. Shina lenye ugonjwa linaweza kurefuka, likanenepa, likapendeza, hasa kama halijakatwa mara nyingi. Likikatwa na kuchipua upya ndipo linajitaja. Yule wa pikapu alikuonyesha urefu ukaamini, kama wenzangu walivyoniamini mimi. Pengine hata yeye hakujua alichobeba. Kijiti cha kupanda kichukue kwenye shina ambalo umeliona likichipua. Mtu akikuambia nepia yake ni nzuri, mwombe akuonyeshe ile aliyoikata wiki tatu zilizopita.

Sasa fanya hivi. Kata nepia yote leo, hata iliyo kijani, acha kisiki cha sentimita kama 10. Ng'ombe wale. Baada ya wiki tatu ingia asubuhi jua likiwa chini, rangi zinaonekana vizuri wakati huo. Chukua leso kuukuu uichane vipande, kila shina unaloliona na dalili lifunge kipande. Usianze kung'oa hadi umalize shamba lote, maana ukianza na jembe macho yanachoka. Ukishamaliza, ng'oa kila lenye kipande, na mizizi yake yote, usibakize hata kisehemu kinachoweza kuota. Yaanike yakauke kabisa, kisha yachome. Rudia hivyo kila mkato. Mara nyingi lililoonekana zima mwezi huu linajitaja mwezi ujao.

Mkulima_Mbale

Mama, asante, hapo kwenye sinia moja nimekuelewa. Nimetoka shambani sasa hivi. Kwangu nayo ninaona mashina matatu ya hivyo karibu na choo, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiyamwagia samadi. Swali: hayo majani yenye ugonjwa hayamdhuru ng'ombe? Na maziwa je?

Mama_Sirisia

Hayamdhuru, wala maziwa hayana neno. Ni ugonjwa wa mimea. Kinachomuumiza ng'ombe ni kwamba chakula chenyewe hakipo. Jambo moja tu la kuangalia: vipande vya shina vyenye vifundo ambavyo ng'ombe anaviacha horini. Hivyo vikizolewa na samadi mbichi na kurudi shambani, vinaota, na umepanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Katakata vidogo, na samadi ioze vizuri kabla haijatoka.

Lari_Juu

Nimesoma nimejifunza. Sisi tulidhani kila ugonjwa wa nepia ni masizi. Mama, kwa nini usimwambie aachane na nepia kabisa? Nasikia brakiaria, ile nyasi nyingine ya malisho, haishikwi na huo udumavu.

Mama_Sirisia

Ndugu wa Lari, nilikuwa naelekea huko.

Mimi sijaacha nepia na sitaiacha. Hakuna nyasi niijuayo inayokupa mzigo mkubwa vile kwenye kipande kidogo vile. Ni nyasi ya Afrika hii hii, ya kingo za mito, inajua mvua zetu. Lakini sipandi tena nepia peke yake. Upande wa juu wa shamba langu, kwenye mawe, ni brakiaria ya aina ya Mulato II. Hiyo nayo asili yake ni nyasi za Afrika, zilikwenda Amerika Kusini, zikazalishwa pamoja huko Kolombia kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha CIAT, zikarudi kwetu na jina geni. Inavumilia ukame kuliko nepia na udumavu haujanishikia hata shina moja. Kasoro zake: mbegu ni ghali, na kiangazi kikikaza utitiri mwekundu unaishika, majani yanakuwa na vidoadoa. Mvua ikirudi inaamka. Na ukishakuwa na shina moja lililoshiba unaligawa vipande kumi ukapanda, huna haja ya kununua mbegu tena.

Kijana umesema ulipanda nepia kuzunguka mahindi. Nadhani ulifuata vuta-sukuma, ule mpango wa kuyakinga mahindi kwa mimea inayovuta na inayofukuza wadudu. Ni vizuri, usiache. Nepia ya pembeni inawavuta nondo watage huko, na viwavi wakijaribu kutoboa shina wanakutana na utomvu unaonata, wengi wanafia humo. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi inawafukuza nondo na kuizuia striga, lile gugu linalonyonya mahindi, mnaloliita kayongo. Sisi tulifundishwa na watu waliotoka kituo cha icipe kule Mbita. Udumavu ulipoingia wengi waliogopa kwamba mpango wote umekufa, lakini brakiaria inasimama pembeni badala ya nepia na kazi inaendelea. Kwa hiyo kwenye mahindi yako ng'oa nepia, weka brakiaria. Na kama huna desmodiamu, itafute. Ng'ombe akiila pamoja na nepia unaona tofauti kwenye ndoo.

Mteremko wa chini ndio nitakaokuomba ufanye tumbukiza, yaani kupanda nepia kwenye mashimo yenye samadi. Shimo la sentimita 60 kwenda chini, upana 60 hadi 90. Udongo wa juu uuchanganye na samadi, debe moja la udongo kwa debe moja au mawili ya samadi, ujaze ila uache kama sentimita 15 juu ili maji yatulie. Panda vijiti vitano hadi kumi humo, vifundo viwili ndani ya udongo na kimoja nje, vilale kidogo. Nakupendelea tumbukiza kwa sababu mbili. Shamba lako ni dogo. Na ugonjwa ukirudi unaling'oa shimo moja, unalijua kwa namba, si kuwinda mstari mzima.

Kata kila nepia ikifika urefu wa mita moja hivi, wiki sita hadi nane wakati wa mvua. Usiiache ikazeeka. Nepia ndefu ni mti, ng'ombe anashinda anatafuna na maziwa hayaji, na umeona inaficha nini.

La mwisho nitalisema kama mama. Ng'ombe mmoja mkubwa wa gredi anataka karibu kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Wawili na mtamba wanapita kilo 150. Hata nepia yako ingekuwa nzima yote, robo tatu ya ekari yenye nyumba na mahindi isingewalisha. Mwuze yule wa maziwa machache, ubaki na mmoja mzuri na mtamba wake. Najua si neno jepesi.

Mfugaji_Luanda

Mama, nimekusoma mara tatu na mke wangu amesoma. Tumekata yote leo jioni. Nitarudi baada ya wiki tatu.

Mfugaji_Luanda

Nimerudi. Wiki tatu na siku mbili.

Tuliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mke wangu akishika leso, mimi nikitazama. Mteremko wa chini una mashina 118. Tumefunga vipande kwenye 73. Kwenye mahindi hatukuhesabu, karibu yote. Kilichonishangaza ni kwamba mengine yalikuwa makubwa kabisa kabla ya kukata, yale niliyokuwa nikiwaonyesha wageni. Na ni kweli yanachagua: kuna moja manjano limezungukwa na manne ya kijani kama hayajui linalotokea.

Tumeng'oa siku nne. Mizizi iko juu ya mabati inakauka. Ng'ombe mmoja tumemuuza Jumamosi kwa mtu wa Yala. Watoto hawajafurahi, na mimi pia, lakini huyu aliyebaki tangu juzi anashiba.

Naomba mambo mawili. Tulishe nini hadi nepia mpya ishike? Na vijiti vizuri nipate wapi? Naogopa pikapu yoyote sasa.

Mama_Sirisia

Mmefanya kazi ngumu, wewe na mke wako. Mwambie nimesema hivyo.

Chakula: mahindi mnayoyapunguza mistarini msiyatupe, na ninyi huko mna viazi vitamu, marando yake ni chakula kizuri cha maziwa, mpe pamoja na nyasi kavu. Shina la mgomba linampa maji na kumjaza tumbo lakini usilitegemee kwa maziwa. Kama kuna kaliandra, ule mti wa malisho, kwa jirani, omba matawi. Nyasi za barabarani mkinunua, nunueni laini, msidanganywe na ukubwa wa mzigo.

Pale mlipong'oa msirudishe nepia msimu huu. Pandeni maharagwe au hivyo viazi, na kila kichipukizi cha nepia kinachotokea katikati king'oeni siku hiyo hiyo. Mashina 45 yaliyobaki bila kipande yakateni tena yakifika mita moja, myatazame upya. Msigawe kijiti hata kimoja humo hadi yapite mikato mitatu safi.

Vijiti nitakupa mimi. Tangu ile beseni nimegawa tena, lakini kwa utaratibu mwingine. Nina mashimo 60 ya tumbukiza, nayakata kwa zamu, na kila shimo nimeliandikia kwenye daftari tarehe ya kukatwa na lilivyochipua. Nitakata upande wa mfereji wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Usije siku hiyo. Njoo wiki ya mwisho ya mwezi, na mke wako, mpite kwanza kwenye chipukizi mzitazame wenyewe, shimo kwa shimo. Shimo mtakalolipenda tutaling'oa pamoja na kuligawa kwa mizizi, linashika upesi kuliko kijiti. Brakiaria nitawawekea gunia moja.

Mje na panga na kamba. Hela muache nyumbani.